Hodi ya Tatu

Kijana aliyekalia kiti changu aliniomba niwaandikie yeye na watendaji wenzake wapya wa vijiji "uzoefu" wangu wa kazi. Nikamwuliza anataka uzoefu upi, wa vikao au wa kutembea kwa miguu? Akacheka, akasema wowote. Haya basi. Vyeo sikupata vya kujivunia, na mshahara mnaujua wenyewe, kwa hiyo hayo tuyaache. Nitaeleza siku yangu ya kwanza, mambo machache ya katikati, na alasiri moja ambayo hadi leo sijaisahau.

Mimi ni mtoto wa Mabawa, Tanga mjini. Nilipangiwa kijiji kimoja upande wa Mwera, wilayani Pangani. Jina la kijiji nalihifadhi kwa sababu watu wake wapo hai, na wengi ni marafiki zangu. Siku ya kwanza niliripoti nikiwa nimevaa viatu vya kisigino kirefu. Mzee Mhina, Mbondei wa Muheza aliyekuwa anastaafu na kuniachia kazi, alivitazama viatu vile, akanitazama usoni. Alijua barabara ya kijiji itanieleza yenyewe.

Alinikabidhi meza yenye mguu mmoja mfupi, kipaza sauti cha betri kilichokuwa kinakoroma, na muhuri wa kijiji uliofungwa kwenye kitambaa.

"Kipaza sauti kikipotea utanunuliwa kingine," akaniambia. "Lakini muhuri huu usiulaze mezani hata ukienda msalani. Karatasi isiyo na muhuri ni maneno ya mtu. Ukishapigwa, yanakuwa maneno ya kijiji kizima. Na kijiji kizima, mwanangu, hakina wa kumwonea haya."

Jioni ile alinizungusha nyumba kwa nyumba kunitambulisha. Ndipo aliponifundisha kupiga hodi. Mnacheka, lakini mtoto wa mjini nilikuwa sijui. Nilisimama mbele ya mlango wa kwanza nikagonga kama askari. Mzee Mhina akanishika mkono, akanivuta pembeni. Anayepiga hodi, alisema, husimama ubavuni mwa mlango ili ukifunguliwa macho yake yasitangulie kuingia. Anaita, anangoja. Anaita ya pili, anangoja. Ya tatu ikikosa jibu, anakwenda zake. Yeye alikuwa Mkristo, na desturi hii aliikuta kwa wenyeji Waislamu akaishika kuliko baadhi yao.

Tuliita mara tatu katika nyumba ile. Kimya. Nikamnong'oneza, "Mzee, lakini wamo. Si unasikia chungu kinachemka?"

"Nasikia. Twende zetu."

"Kwani hii si kazi ya serikali?"

"Serikali nayo ni mgeni. Asipokaribishwa leo, atarudi kesho."

Nilidhani mzee amechoka tu na kazi. Kesho yake mwenye nyumba ile alikuja ofisini mwenyewe, amevaa kanzu, na papai mkononi.

Msidhani kwa hayo nilikuwa mtendaji wa kubembeleza. Miaka ya kipindupindu nililazimisha kila kaya ichimbe choo, na walioleta ubishi niliwapeleka baraza la kata. Kuna mzee mmoja aliniambia kwa uchungu kwamba shamba lake ni kubwa na haja yake ni siri yake na Mungu wake. Nikamjibu kwamba mvua ikinyesha siri hiyo inatelemka hadi kisimani kwa jirani, na kipindupindu hakipigi hodi. Alichimba, na hakunisalimu mwaka mzima. Yule sikumwonea hata kidogo. Jambo lako likinifikia mimi kwenye maji ya kunywa, ni langu pia. Ugumu unaanza pale jambo la mtu linapokuwa halijamfikia yeyote, ila linawaudhi wote.

Na hapo ndipo anapoingia Zaituni.

Zaituni alikuwa mshonaji. Alizaliwa palepale kijijini, akaolewa mjini Pangani katika ukoo wa wafanyabiashara wa asili ya Omani, akaachika, akarudi kukaa peke yake katika nyumba ya mawe aliyoachiwa na baba yake. Cherehani yake ilisikika tangu asubuhi. Wateja aliwapokea barazani: hapo aliwapima, hapo aliwakabidhi nguo, hapo aliwapa kahawa. Ndani hakuingia mtu. Msibani alifika, akaosha vyombo, akaondoka bila kukaa kitako kwenye maneno. Ngomani hakuonekana, na vikundi vya kina mama alivikataa vyote, kimojakimoja, kwa heshima. Choo chake, nisiwafiche, kilikuwa safi kuliko vyote kijijini.

"Mle ndani mna nini?" watu waliulizana. Miaka mingi lilikuwa swali la mzaha.

Kisha ikaja masika moja ya homa. Watoto wakafa. Mmoja wao alikuwa Jumaa, kitinda mimba wa Mama Sauda, mwanamke aliyekuwa akiuza maandazi mbele ya ofisi yangu. Mtoto yule ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutembea, na mazoezi yake alikuwa akiyafanya kwa kushika mguu wa meza yangu, ule mfupi. Muuguzi wa zahanati alieleza homa ile ni nini. Lakini mama aliyetoka makaburini umpe jina la ugonjwa, litamsaidia nini? Alitaka jina la mtu.

Swali la mzaha likaacha kuwa la mzaha. Katika kundi la simu la kijiji yakaanza kupita maneno ambayo sitayarudia. Mwenyekiti wetu, Bakari, mtu mwema katika mambo mengine yote, akaitisha mkutano mkuu uwanja wa shule. Hoja moja tu: aletwe lambalamba. Hivyo ndivyo wanavyoitwa huku waganga wanaopita vijijini kufichua wachawi. Akifika, kila nyumba inafunguliwa, inapekuliwa, na kilichomo kinatolewa nje wote wakione.

Nilisimama kama katibu wa mkutano nikasema sheria inakataza kupiga ramli, na mkutano hauna mamlaka ya kuamua kuvunja sheria. Wakanizomea.

"Bi Mtendaji," akasema Bakari, "sheria iko Dodoma. Wanaokufa wako hapa."

Nikamwona Zaituni akisimama, nyuma kabisa, mtandio umekazwa kichwani. Watu wakageuka, kwa sababu wengi walikuwa hawajawahi kumsikia akisema mkutanoni.

"Mie nyumba yangu sifungui," akasema. "Mkitaka kunitazama, nitazameni, n'po hapa. Nyumba, la."

"Una sababu gani?" akauliza Bakari.

"Sababu ni yangu."

Akakaa. Mikono ilinyooshwa kuunga mkono hoja, ikawa kama shamba la mihogo, sikuona haja ya kuhesabu. Mama Sauda alinyoosha yote miwili. Zaituni peke yake aliikunja yake mapajani.

Bakari akanifuata ofisini na karatasi ya maazimio. Alitaka muhuri. Nikaukamata mkoba wangu kwapani. Akaniambia kwa upole, maana hakuwa mtu wa kelele, "Wengi wape, Bi Mtendaji. Unaijua methali hiyo inavyoishia?"

Naijua. Usipowapa, watajitwalia wenyewe.

Muhuri sikumpa. Kipaza sauti alikichukua.

Nilikwenda kwa Zaituni. Nilikaa barazani kwake, nikamsihi kama ndugu. Nilimwambia anipe sababu yoyote, hata ya uongo: ana mgonjwa ndani, ana nadhiri, mganga ni shirki katika dini na yeye hataki dhambi. Kwa sababu ya namna hiyo ningeweza kumtetea mbele ya watu.

Alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Hakuinua macho. "Nikikupa sababu, utaipima," akasema. "Ukiiona nyepesi, je? Utakuja nao?"

Niliudhika, semeni kweli, nani asingeudhika? Nahatarisha kazi kwa ajili ya mtu, na mtu mwenyewe hanipi hata pa kushikia. Njiani nikirudi nilimsema moyoni maneno mabaya. Lakini swali lake lilinifuata hadi kitandani, na kulipokucha nililielewa. Kama mlango wake unalindwa na ubora wa sababu zake, basi haulindwi. Siku akija msemaji hodari kuliko mimi utavunjwa.

Kwa kipaza sauti changu chenyewe kilichokoroma, wakatangaza kwamba Zaituni ametengwa. Wale msiolelewa huku hamjui uzito wa neno hilo. Hakuna wa kukusalimu wala kuitikia salamu yako. Dukani huuziwi. Kisimani ukifika, wenzako wanachukua ndoo zao na kuondoka, unabaki na kamba mkononi. Na kibaya kuliko vyote: ukifa, huzikwi na mtu. Siku ya pili nami nikaonja. Muuza duka aliniambia chumvi imekwisha huku ameegemea gunia la chumvi.

Nilipiga simu polisi. Waliahidi kuja, na walikuja, ila kati yetu na wao kuna mto, na siku ile kivuko kilikuwa kimesimama. Mganga alitokea upande wetu wa mto, hakuhitaji kivuko. Alikuwa kijana mwenye miwani myeusi, amepakiwa kwenye bodaboda, na mkoba wa ngozi mgongoni.

Alianza kwa Mama Sauda, kwa kuwa mwenyewe aliomba nyumba yake itangulie ili wengine wasione vibaya. Vijana wakaingia. Wakatandika mkeka uani, wakaanza kutoa vitu na kuvipanga: sufuria, magodoro, sanduku la kanga. Chini ya godoro wakakuta kifurushi. Mganga akakifungua mbele ya watu wote. Zilikuwa nguo za Jumaa. Shati dogo, soksi, kofia ya kufuma. Kwa desturi nguo za marehemu hugawiwa, na yeye alikuwa amewaambia watu kwamba amezigawa.

"Nguo za maiti unaziwekea nini ndani, mama?" akauliza mganga, akizinyanyua juu kwa kidole.

Watu wakaguna. Niliona baadhi wakirudi nyuma. Mama Sauda alipiga magoti kwenye mkeka, akaziokota mojamoja, akazikunja, akazifunga tena. Mganga akamwacha, akasema huyu si yeye, ni uchungu tu. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka.

Wakaendelea. Kwa jirani vikatolewa vidonge vya uzazi wa mpango ambavyo mume hakuvijua. Kwa mwingine ikatoka picha ya mwanamke ambaye si wa nyumba ile. Nyumba za mwanzo watu walicheka. Kufikia katikati ya kijiji kicheko kilikuwa kimepungua, na wale waliokwisha kupekuliwa walitembea nyuma kabisa ya msafara, wametazama chini. Pembe la uchawi halikupatikana hata moja. Basi wote wakajua liko wapi, maana nyumba iliyobaki ni ile tu.

Niliwatangulia. Nilikaa kwenye baraza la Zaituni, mkoba wenye muhuri mapajani, mgongo kwenye nguzo ya mlango. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Ndani cherehani ilikuwa inanguruma, taratibu, kama siku zote. Niliwaona wakikunja kona na niliogopa. Kijana mmoja wa bodaboda, niliyemjua tangu anasoma darasa la kwanza, alikuwa ameshika chupa ya petroli. Hakuificha.

"Shikamoo, Bi Mtendaji," akaniambia. Na chupa mkononi!

"Marahaba, mwanangu," nikajibu. Kulikuwa na jingine la kusema?

Bakari akaja mbele. "Bi Mtendaji, tunakuomba utoke hapo."

"Baba Mwenyekiti, hapa ni baraza, na baraza ni la wote. Ndani sijaingia. Na wewe huingii mpaka ukaribishwe. Mwambie mgeni wako apige hodi."

Mganga akacheka. "Mchawi anapigiwa hodi?"

"Hata kaburini watu huanza na salamu," nikamwambia. "Hamna aliyefundishwa hapa? Mama zenu waliwafundisha nini? Apige. Akijibiwa karibu, mimi mwenyewe namfungulia mlango."

Kutoka katikati ya watu sauti ya kikongwe ikasema, "Apige hodi, kwani kalelewa wapi?" Wengine wakaguna kukubali. Mganga akaona hana pa kukwepea. Akasogea, akasimama mbele ya mlango kifua wazi, kama mimi siku yangu ya kwanza.

"Hodi!"

Cherehani ikaendelea.

"Hodi!"

Cherehani ikanyamaza. Mimi, niliyekuwa nimeegemea nguzo ile, nilisikia kiti kikisogezwa ndani, na nikaomba kimoyomoyo afungue, yaishe. Ndiyo, niliomba hivyo.

"Hodi!"

Kimya kikaendelea. Kisha cherehani ikaanza tena.

Mganga akashika komeo. Yule kijana akaanza kufungua kifuniko cha chupa, nikasikia harufu. Nikasimama mbele ya mlango, ingawa sijui ningefanya nini, mwanamke mmoja na mkoba. Mkono wa mtu ukapita mbele yangu ukaushika wa mganga kwenye komeo. Alikuwa Mama Sauda, kifurushi bado kwapani.

"Kashapigiwa tatu," akasema. "Hakukaribisha. Tuondokeni."

"Mama," akasema mganga, "si weye uliyefiwa?"

"Mie ndiye niliyefiwa. Na kwangu mliingia. Mlimkuta huyo mchawi?"

Mama Sauda akautoa mkono wa mganga kwenye komeo, si kwa nguvu, kama unavyomtoa mtoto mkono kwenye sufuria ya moto. Akageuka, akawatazama wenzake mmoja mmoja, wale wa nyuma.

"Nguo zake nilikuwa nazinusa," akasema. "Ndiyo nilichokuwa nafanya nazo. Mmeridhika?"

Akakaa barazani, akaniashiria nikae. Nikakaa. Yule mwenye vidonge akaja akakaa upande wa pili. Kisha mzee mmoja akakumbuka mbuzi wake hajafungwa. Mwingine akakumbuka maji. Kijana wa petroli akaimimina petroli yake kwenye tangi la pikipiki kana kwamba ndiyo kazi aliyoijia. Bakari alikuwa wa mwisho kuondoka.

Nyuma yetu cherehani haikusimama.

Polisi walifika asubuhi. Mganga alikuwa amekwisha kuondoka, na michango ya watu pia. Kutengwa hakukufutwa na mkutano wowote, msije mkasoma kumbukumbu mkalitafuta azimio. Januari ndiyo iliyokufuta. Shule zilifunguliwa, watoto wakahitaji sare, na mshonaji alikuwa mmoja. Wa kwanza kupeleka kitambaa alikuwa muuza duka mwenye chumvi. Alipimiwa mtoto barazani, akapewa kahawa, akaondoka.

Zaituni hakunishukuru kamwe. Miaka yote iliyofuata alinisalimu vilevile alivyonisalimu mwanzo, akanishonea kwa bei ileile. Mle ndani mna nini, sijui hadi leo. Najua mtaniuliza, kwa hiyo nawajibu mapema. Nilipokuwa nazungumza na Mzee Mhina kwa simu, kabla hajafariki, nilimweleza mambo yote ya siku ile, nikalalamika kidogo kwamba yule bibi hana shukrani. Akasema, "Ulikuwa unamkopesha?"

Mwezi uliopita nilikabidhi ofisi. Muhuri niliutoa kwenye kitambaa kilekile, nikamwambia kijana maneno niliyoambiwa. Mama Sauda alinifungia maandazi ya njiani. Niliagana na kijiji nyumba kwa nyumba, na ya Zaituni niliiacha ya mwisho, kwa makusudi. Siwafichi, nilikuwa nimejiandalia maneno. Nilifikiri leo atanikaribisha. Nilifikiri, baada ya yote yale, kama kuna mtu mmoja duniani wa kuvuka kizingiti kile, ni mimi.

Nilisimama ubavuni mwa mlango. Ndani cherehani ilikuwa inakwenda.

"Hodi!"

Ikaendelea. Huenda hakusikia. Nikangoja, nikaita ya pili kwa sauti zaidi, nikataja na jina langu. Cherehani ikanyamaza. Nikasikia kiti. Nikaweka mtandio sawa.

Nikapiga ya tatu.

Cherehani ikaanza tena.

Niliumia. Machozi yalinijia, na hasira nayo ikaja nyuma yake, na mkono wangu mwenyewe niliuona ukielekea kwenye komeo. Gari la Tanga lilikuwa linapiga honi barabarani. Nikaurudisha mkono, nikavaa viatu vyangu, bapa siku hizi, nikashuka barazani taratibu, nisije nikamkatiza kazi yake.